Mzigo Ulio Ndani ya Kichwa

Mtu akija kuandikisha mtoto kwa ubatizo huulizwa maswali machache tu: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, mahali alipozaliwa, na msimamizi wake ni nani. Baba husimama mbele ya meza, kofia mkononi, tayari kujibu. Nikimwuliza siku ya kuzaliwa, hugeuka nyuma kumtazama mama. Naye mama, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika kanga yake, hujibu mara moja: siku, saa, hata mvua iliyokuwa ikinyesha. Sisemi haya kwa kumcheka baba yeyote. Siku ya kumwandikisha mtoto wangu wa pili, mimi mwenyewe niligeuka vivyo hivyo.

Kazi za mama zinazoonekana twazijua sana: kuchota maji, kupika, kufua, kulima. Ndoo ya maji twaiona, na mara nyingine twaona haya tukaipokea. Lakini upo mzigo mwingine, hauwekwi juu ya kichwa bali ndani yake. Unga umebaki wa siku mbili. Sare ya mkubwa imechanika. Dawa ya bibi ya presha yaisha Ijumaa. Jirani amefiwa, mchango bado. Mdogo alikohoa usiku. Je, ni mafua tu? Tena ipo kadi ya kliniki. Hapa kwetu Tanzania mtoto huchanjwa azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9 na wa 18. Mama huhesabu hayo yote huku ameketi akichambua mchele, nasi twapita tukisema, “Mama anapumzika.”

Wataalamu wameanza kuipima kazi hii. Mwaka 1984 Monique Haicault wa Ufaransa aliandika juu ya mzigo huo wa akilini. Mwaka 2019 Allison Daminger wa Marekani alitoa makala baada ya kuzungumza na waume na wake wa nyumba 35. Aliigawa kazi hiyo mafungu manne: kuona mapema kitakachohitajika, kutafuta njia, kukata shauri, na kufuatilia kama jambo limefanyika. Katika kukata shauri, mume na mke walikaribiana. Kuona mapema na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wake. Marekani ni mbali, na maisha yao si yetu, lakini hapo nilijiona. Mke wangu hunijia na jambo limekwisha kupikwa, mimi nasema “ndiyo” au “hapana”, kisha naondoka nikidhani nimelibeba.

Sasa tuje kwenye afya. Mwili wa mtu mwenye wasiwasi hujiandaa kama wa mtu aliyekutana na simba: moyo hupiga mbio, presha hupanda, usingizi hukimbia. Simba akienda zake, mwili hutulia. Lakini wasiwasi wa nyumbani hulala kitanda kimoja na mama na kuamka naye. Jirani yetu mmoja aliumwa kichwa miezi mingi. Alipimwa malaria mara kwa mara, vijidudu havikuonekana, akapewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani. Hakulala vizuri, chakula hakikumpita kooni. Siku moja maharage yaliungua motoni, akalia kama aliyefiwa. Watu wakaanza kunong’ona kwamba amerogwa. Muuguzi mmoja mzee ndiye aliyemwuliza, “Mama, usiku unawaza nini?” Alizungumza karibu saa nzima.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, wajawazito karibu 16 katika kila 100, na waliojifungua karibu 20 katika kila 100, hupatwa na maradhi ya akili, hasa ule ugonjwa wa huzuni uitwao sonona. Sisemi kwamba mzigo wa kukumbuka peke yake ndio huuleta. Umo umaskini, umo ugomvi, umo upweke. Lakini si uvivu wala uchawi, na hutibika. Mama akikaa wiki mbili bila furaha, hali, halali hata mtoto akiwa amelala, apelekwe kliniki na aeleze yote, si kichwa tu. Yapo maswali 10, yaitwayo ya Edinburgh, yaliyotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya kuwatambua wazazi wa namna hiyo. Na akisema afadhali afe, msingoje hata kesho.

Akina baba wema husema, “Mke wangu, niambie tu, nitafanya.” Neno zuri, lakini mwenye kuambiwa amemwachia mwenzake kukumbuka. Yafaa kuchukua jambo zima, tangu kuliwaza mpaka kulimaliza. Kwa mtoto wetu wa tatu nilichukua kadi ya kliniki. Nilimwomba mke wangu asinikumbushe, naye, nilivyosikia baadaye, aliuma ulimi siku nyingi. Wiki ya 10 niliisahau kabisa! Nilikwenda wiki ya 11, nikasimama kwenye foleni ya akina mama waliokuwa wakinitazama kama niliyepotea njia. Muuguzi alinikaripia kidogo, akamchoma mtoto sindano, akasema chanjo iliyochelewa huendelea pale ilipoishia. Nilipofika nyumbani nilitia alama nyekundu ya chanjo inayofuata katika kalenda ya ukutani. Mke wangu aliitazama, hakusema neno. Usiku ule alilala kabla yangu.