AFYA YA JAMAA: Wasiwasi Usiokwisha na Zoezi la Kompyuta

Askari hufunzwa kuhakikisha. Kabla ya kuikabidhi bunduki huitazama kama ina risasi, na kabla ya kuacha lindo hulijaribu kufuli la ghala. Huo ni wajibu. Lakini afikiriwe mtu ambaye, akiwa likizoni kwao Nyarusange, katika vilima vya Gitega, huamka mara ishirini kwa usiku mmoja kuujaribu mlango ule ule, ilhali anajua kwamba ameufunga. "Mama watoto, una hakika umefungwa?" Mkewe hujibu ndiyo, baada ya dakika tano huulizwa tena. Majirani husema amerogwa. Kazini huchelewa kila asubuhi, na sababu haisemi, kwa kuwa anaogopa kunyang'anywa silaha na kuitwa mwendawazimu.

Hayo ni maradhi, na hakuna aliyemroga. Waswahili wa pwani wanayafahamu tangu zamani: anayerudia kutawadha hata wenzake wakamaliza sala huitwa mtu wa wasiwasi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, na ndani yake akautengea wasiwasi huo mlango wake.

Mwaka 1978 wataalamu Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba hata watu wazima wa afya hujiwa na mawazo kama hayo: mlango uko wazi, mikono ina najisi, mtoto atadhurika. Tofauti imo katika maana inayopewa wazo. Mwenye afya hulipuuza akaendelea kulima. Mgonjwa hujiambia, "Nisipohakikisha wakauawa, nitakuwa mimi niliyewaua." Basi huamka, hupata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo humfundisha kwamba hatari ilikuwa ya kweli.

Kwa kuwa ugonjwa umejificha katika maana, wataalamu walijiuliza kama maana yaweza kufanyiwa mazoezi kama gwaride. Mwaka 2000 Andrew Mathews na Bundy Mackintosh, huko Uingereza, walieleza zoezi la kompyuta la namna hii. Mtu husoma kisa kifupi kisichoeleweka kitaishia wapi: "Umekwisha toka nyumbani. Moyo unakuambia kwamba labda umeacha moto jikoni. Unaendelea na safari, kwani wazo kama hilo ni jambo la kawa-da." Neno la mwisho lina pengo, naye hulijaza herufi. Kisha huulizwa: "Je, wazo hilo ni dalili ya hatari?" Akijibu hapana, huambiwa amepata. Hurudia visa vingi, mpaka akili izoee kuielekea maana tulivu.

Mwaka 2011 Elise Clerkin na Bethany Teachman walilijaribu Marekani kwa wanafunzi wenye dalili nyingi za wasiwasi huu. Tafsiri zao zilielekea kwenye utulivu zaidi. Hata hivyo hao walikuwa wanafunzi, si wagonjwa waliolazwa, na kubadili tafsiri si sawa na kupona. Hakuna haja ya kuuza ng'ombe ili kununua kompyuta. Zoezi hili ni msaidizi tu.

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ile iliyoanzishwa London na Victor Meyer mwaka 1966: mgonjwa, akiongozwa na mtaalamu, hukabili kile anachokiogopa, kisha hujizuia kuhakikisha, mpaka hofu ipungue yenyewe. Zipo pia dawa, mojawapo klomipramini, ambazo hutolewa na daktari na huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Askari aanzie kwa mganga wa kikosi, na raia aanzie zahanati iliyo karibu. Bujumbura kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge.

Nyumbani, jambo gumu ni lile swali la usiku. Mke hujibu kwa huruma, lakini jibu la kumi huulisha ugonjwa kama vile kuamka kunavyoulisha. Wakubaliane mchana, mume akiwa ametulia, kwamba atajibiwa mara moja tu, akiuliza tena aambiwe kwa upole, "Baba watoto, hilo limekwisha jibiwa." Asifokewe, wala asichekwe mbele ya watoto. Na kwa muda wa majuma mawili iandikwe katika daftari idadi ya mara alizoamka kila usiku, ili daftari hilo lipelekwe kwa mganga.