Usinunue mtama wa malisho kwa sifa za mbegu peke yake

Ndugu mfugaji wa Mkange na vijiji jirani, siku hizi wengi mnauliza kuhusu mtama wa malisho wenye mshipa wa kahawia katikati ya jani. Unasifiwa kwamba ng'ombe huumeng'enya vizuri na maziwa huongezeka. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini msimamo wangu ni huu: usiulipie bei ya juu kabla hujaujaribu kwenye udongo wako, jua lako na mvua yako.

Tuanze na lignini. Hiki ndicho kinachokaza shina la mmea lisimame na kupitisha maji. Ni kama saruji kwenye ukuta. Tumbo la ng'ombe haliwezi kuimeng'enya, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyozuia hata chakula kilichoizunguka. Ndiyo maana mabua makavu yanajaza tumbo lakini hayatoi maziwa.

Mahindi yenye mshipa wa kahawia yalionekana Marekani mwaka 1924, yakiwa yamebadilika yenyewe. Taarifa za mtama wa aina hiyo zilitolewa mwaka 1978 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, waliotibu mbegu kwa kemikali ili vinasaba vyake vibadilike. Kwa hiyo mtama huu si GMO, maana haukuwekewa kinasaba kwa uhandisi wa maabara. Lusani ya GMO yenye lignini pungufu ipo, na Marekani waliiruhusu mwaka 2014. Hapa kwetu, Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alisitisha majaribio ya mbegu za GMO. Usichanganye mambo hayo mawili.

Sasa hoja yenyewe. Kinasaba hupunguza lignini, hakiiondoi. Kiasi kitakachobaki kinategemea pia shamba.

Kwanza, joto. Mmea ukikua kwenye joto hukomaa haraka na shina hukaza mapema. Pwani yetu hata usiku haipoi sana. Mtama wa kahawia uliochelewa kuvunwa unaweza kuwa mgumu kuliko mtama wa kawaida uliovunwa kwa wakati.

Pili, upepo na mvua kubwa. Saruji ikipungua, ukuta hulegea. Ukibananisha mimea, ukazidisha mbolea ya kukuzia na kuchelewa kuvuna, masika itaulaza mtama wote chini. Watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa waliona jambo la jinsi hiyo kwenye miti ya mipopla iliyopunguzwa lignini kwa uhandisi wa vinasaba. Matokeo ya shambani yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha mbao zilitoa sukari kirahisi zaidi, lakini miti iliyopungukiwa sana ilidumaa. Lignini ina kazi yake.

Tatu, ukame. Mtama uliodumaa kwa jua, au unaochipua tena baada ya jua kali, unaweza kuwa na sumu inayoua ng'ombe kwa muda mfupi. Mshipa wa kahawia hauondoi sumu hiyo. Usilishe mtama mbichi ulio chini ya sentimita 60, wala ulionyauka.

Ushauri wangu:

1. Nunua mfuko mdogo wenye lebo ya TOSCI. Panda mistari michache kando ya mtama uliouzoea, siku moja, kwa mbolea ileile.
2. Kwa sileji, vuna punje zikiwa na unga laini. Usisubiri zikauke.
3. Pima mzigo wa kila aina, hesabu mimea iliyolala, andika lita za maziwa kwa kila lishe. Mali bila daftari huisha bila habari.
4. Rudia masika na vuli kabla ya kuamua.

Najua wapo watakaosema mfugaji mdogo hana muda wa majaribio. Nami nasema mfugaji mdogo ndiye asiyemudu kukosea ekari nzima. Mistari mitano ikilala, umepoteza mistari mitano. Ekari ikilala, kiangazi kizima utanunua majani, au utayafuata mbali na kugombana na wakulima.

Kama bado unavuna mtama wa kawaida ukiwa umekauka, anza na panga: kata mapema. Hilo halina gharama, na ng'ombe ataliona kabla yako.