Kiingereza cha dola 2000, na mwalimu wa Kiingereza anauza kredi

Vijana wa Baraka, wa Fizi, wa Mboko, wa Lulimba, na nyinyi wote mnaosoma hapa kwa mega za kuazima: tuongee juu ya ile karatasi inayozunguka kila likizo kubwa ikikaribia.

Mmeiona. Inapita kwenye WhatsApp, inabandikwa sokoni, hata mlangoni mwa makanisa. Picha ya watoto wenye mabegi mgongoni, bendera ya Uingereza, na maneno: majuma manne ya Kiingereza Ulaya kwa watoto wa miaka 10 mpaka 17, chakula na malazi ndani. Bei dola 2000. Utangulize dola 150 za kujiandikisha, nafasi ni chache. Chini, namba moja ya simu. Jina la shule hakuna, anwani hakuna, kibali cha leta hakuna.

Mwaka jana jirani yetu mmoja, mama anayeuza ndagala, alitoa hizo 150 kwa ajili ya binti yake. Akaniletea risiti nimusomee, kwa sababu pale avenue yetu mimi njo "mtu wa Kiingereza". Mistari minne, makosa matatu. Nilicheka kwanza, kisha nikaelewa kwamba feza imekwenda. Mwezi wa saba namba ikazimika. Mama hakwenda kushitaki, anaona haya. Ile haya njo mtaji wao.

Tusiseme uongo: hizo kozi zipo kweli. Kila Julai na Agosti, Uingereza, Ireland na Malta zinapokea watoto kutoka Italia, Uhispania, Brazili, wanasoma asubuhi, wanacheza mpira mchana. Uongo uko kwenye njia. Viza ya Uingereza haitolewi Baraka wala Uvira. Mtoto lazima afike yeye mwenyewe kwenye kituo cha maombi kuweka alama za vidole, na hapa inchini kwetu hiyo ni Kinshasa. Mtamufikisha na nini? Tangu M23 ilipoingia Kavumu na Bukavu mwezi wa pili 2025, uwanja wa ndege wa karibu hatunao. Inabaki boti mpaka Kalemie, kisha kutafuta ndege. Viza ikikataliwa, feza ya maombi hairudi. Ya Schengen, anayotaka wa Malta, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo pia hairudi. Mtu wa karatasi hayo hayasemi hata neno moja.

Tena pasipoti. Hamujasahau ile ya dola 185 ya mwaka 2015? Reuters ilionyesha mwaka 2017 kwamba leta ilikuwa inabakiwa na 65 tu. Nyingine zilisafiri vizuri kuliko sisi wenyewe.

Najua kuna watakaosema: ni wivu, weye umekosa kazi sasa hutaki watoto wa watu waende mbele. Kazi sina, kweli, na nitaisema bila haya. Lakini jibuni hili: yule mama alikosea nini? Aliona vizuri kabisa. Anaona matangazo ya kazi za ONG hapa Baraka yanaomba Kiingereza. Anajua Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mtoto wake akivuka ziwa kwenda Kigoma atakuta sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Ana ndugu waliokaa Nyarugusu tangu vita ya 1996, wengine wakapelekwa Marekani, na watoto wao leo wanaongea Kiingereza kwenye simu naye haelewi. Ile kiu ni ya haki. Wanyang'anyi wanauza maji juu kisima chetu kimefungwa.

Na kisima kiko hapa. Wilaya yetu ina vijana waliosoma Kiingereza ISP, miaka mitano, na kitabu cha mwisho wakakitetea mbele ya maprofesa. Wako wapi? Wanaendesha moto, wanauza kredi. Waliobahatika kupata darasa ni NU au NP: wana chaki, hawana mushahara. Tangu 2019 walisema masomo ya msingi ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyotaka, na mzazi akaambiwa asilipe tena prime ya mwalimu. Vizuri. Basi leta imulipe! Mwalimu asiyelipwa miaka anafundisha namna gani? Mtoto anafika sekondari, anaandika "good morning teacher" ubaoni miaka sita, anatoka hawezi kuuliza bei ya samaki Kigoma.

Wakati huo likizo inaanza, madarasa yanafungwa miezi miwili, mbuzi wanalala ndani.

Kwa hiyo hatuombi Ulaya. Tunaomba funguo. Tunataka ofisi za elimu za Fizi na Baraka zifungue madarasa Julai na Agosti, asubuhi tu. Walimu wa Kiingereza wasio na kazi tutawaorodhesha sisi wenyewe. Wawe chini ya mkaguzi, wapewe kitu cha kuwalisha, na mzazi asilipe zaidi ya bei ya daftari. Na wabunge wetu, ambao watoto wao hawapiti njia ya boti, waulize Kinshasa juu ya mushahara wa NU na NP kabla ya kuja kutuomba kura. Wanaokusanya feza za safari za watoto wajulikane kwa meya: jina, shule ya kule, kibali. Asiyekuwa navyo asibandike kitu.

Wapapa na wamama mliolipa, musitupe risiti. Pigeni picha mututumie kwa ujumbe wa ndani, majina yenu hatutayaweka hapa. Tukishazipanga tutazipeleka kwa parke kwa pamoja, juu risiti moja wanaikunja na kuitia mfukoni. Mama wa ndagala amekwisha kutoa yake. Iko na mimi, na yale makosa matatu nimeyapigia mstari.