MAMBO YA NYUMBANI: Chungu cha Mama Mwenye Kazi ya Mshahara

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya neno tulisikialo mara nyingi kwa kina mama wa Binza na Bariadi, nalo ndilo hili: Mke aliye kazini kutwa nzima, atawezaje kuwapikia watu wake chakula cha kufaa jioni?

Swali hili si dogo. Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, na Bariadi kufanywa makao yake makuu, mji umekua na ofisi zimeongezeka. Wako kina mama walimu, wako wauguzi wafanyao kazi kwa zamu, wako makarani, na wako waendao viwanda vya kuchambua pamba msimu ufikapo. Mtumishi wa Serikali huingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Lakini saa za jikoni hazimo katika hesabu hiyo. Mama atokapo kazini hupita sokoni, hufika nyumbani jua limekwisha kuinama, na hapo ndipo aanzapo kuwasha moto.

Katika nyumba nyingi shida hii huondolewa kwa njia moja. Chungu hutwishwa binti mkubwa. Huyo atokapo shule huteka maji, hukoka moto, huchambua mboga, husonga ugali, huosha vyombo. Na afunguapo daftari, macho yamemjaa usingizi. Au, kama binti hayupo, hutafutwa mtoto wa ndugu huko kijijini, akaletwa mjini ili awe mpishi na yaya. Twasema wazi kwamba njia hii si njema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Tena tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali hata kidato cha nne. Itamfaa nini binti kusamehewa ada, ikiwa akili yake imechoshwa na kazi za jikoni hata hawezi kusoma? Hatusemi kwamba mtoto asifundishwe kupika. Na afundishwe, wa kike na wa kiume. Lakini kusaidia ni jambo moja, na kuchukua mzigo wote wa mtu mzima ni jambo jingine.

Basi, tufanyeje? Na tuwatazame kwanza bibi zetu. Watu hudhani ya kwamba mwanamke mwenye kazi ya kutwa ni jambo la siku hizi tu. Si kweli. Wakati wa kulima na wakati wa kuchuma pamba, bibi zetu walitoka alfajiri na kurudi wamechoka kama karani wa leo, au zaidi. Nao hawakuanza kutafuta chakula jioni. Chakula chao kilikuwa kimekwisha kutengenezwa miezi iliyopita. Viazi vitamu walivimenya, wakavikata na kuvikausha vibichi, ndiyo michembe; vingine walivichemsha kwanza, kisha wakavikata na kuvianika, ndiyo matobolwa. Majani ya kunde na ya mgagani waliyakausha wakapata nsansa. Vyakula hivi wengine huviita vya njaa, nao huona haya kuviweka mezani mbele ya wageni. Sisi twaviita vyakula vya watu wenye kazi. Viliwekwa kwa ajili ya siku ambazo mikono haina nafasi.

Jambo la kwanza, basi, ni akiba. Mboga zikiwa nyingi wakati wa mvua, nunueni au chumeni za kutosha. Zioshwe, zitiwe katika maji yachemkayo kwa muda mfupi, zikamuliwe, kisha zianikwe juu ya kichanja chenye kivuli na upepo, maana jua kali hupunguza nguvu ya majani. Zikisha kukauka sana, zitiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko. Jioni huloweshwa kidogo, hupikwa, hutiwa karanga zilizopondwa, na mboga iko tayari. Dagaa wakavu kutoka Ziwa Victoria nao wafaa sana, kwa kuwa hawahitaji moto wa muda mrefu. Choroko na dengu, zinazolimwa kwetu, ziwekeni pia. Choroko huiva upesi kuliko maharagwe.

Lakini angalieni sana unyevu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula kilichowaua kilikuwa mahindi ya akiba yao wenyewe. Chakula chenye ukungu kisichaguliwechaguliwe ili kupata sehemu nzuri, wala wasipewe kuku. Kitupwe.

Jambo la pili ni moto. Mama mwenye kazi hupoteza saa nyingi kwa kungoja chungu kichemke. Maharagwe yaloweshwe usiku, na asubuhi maji yale yamwagwe. Yapikwapo, yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua kumi katika maji mapya, hasa yale mekundu, kwa maana yana sumu ambayo moto hafifu hauivunji. Baada ya hapo moto waweza kupunguzwa.

Tena liko kapu la joto, ambalo kila nyumba yaweza kulifanya. Chukueni kapu kubwa, mtandaze ndani yake blanketi kuukuu au pamba iliyofungwa katika kitambaa, mkashone na mto wa pamba wa kufunikia juu. Mchele ukisha kuchemka dakika tano, sufuria hufunikwa vizuri, huondolewa motoni, huwekwa kapuni, na mto huwekwa juu yake. Kwa muda wa kama saa moja wali huiva bila kuni na bila mtu wa kuuangalia. Katika saa hiyo mama huoga, huwaogesha watoto, au hukaa kitako akapumzika, nalo si kosa. Nchi yetu ni nchi ya pamba. Haitupasi kukosa mto wa kufunikia sufuria. Ila msiache chakula kapuni kutwa, toka asubuhi mpaka jioni, maana kikisha kupoa nusu huharibika.

Wenye uwezo wa jiko la gesi wamepata msaada mkubwa. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi juu ya kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wakitumia nishati safi. Tunalipenda neno hilo, kwa sababu ya moshi unaoumiza macho na vifua, na kwa sababu ya saa zinazopotea katika kutafuta kuni. Lakini hata asiye na gesi asikate tamaa. Kapu na maji ya kuloweshea havinunuliwi kwa fedha nyingi.

Hapa twaongeza onyo juu ya kiporo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na hasa wali, ambao huharibika bila kutoa harufu. Mwenye jokofu aweza kupika maharagwe ya siku mbili au tatu, akayagawa katika vyombo vidogo, na kila siku akachemsha kile cha siku hiyo tu mpaka kitokote. Asiye na jokofu apike cha kuliwa siku ile ile.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mikono. Akiba na kapu huokoa saa, lakini haviwezi kuosha vyombo. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzee wa nyumba akaaye kitini akingoja ugali hauoni uzito wa chungu, kwa kuwa hajauinua. Twawaambia kina baba kwa heshima: mkeo akileta mshahara nyumbani, naye umekubali kuutumia, basi umekubali pia kwamba saa zake si zile za zamani. Tumewaona wanaume wakipika vizuri sana katika mikahawa ya Bariadi kwa malipo. Mikono hiyo hiyo yaweza kukoka moto nyumbani bila malipo, wala heshima ya mtu haipungui kwa kuchambua dagaa.

Haya ndiyo maagizo tuwapayo kwa kujaribu. Jumamosi nyumba nzima ikae pamoja nusu saa, na mambo ya juma yapangwe: siku hii choroko, siku hii dagaa, siku hii nsansa kwa karanga, siku hii maharagwe. Baba achukue siku zake mbili za kupika, au zaidi ikiwa mama ana zamu ya usiku. Watoto wagawiwe kazi kwa umri wala si kwa kuwa huyu ni wa kike na huyu ni wa kiume: mmoja alete maji, mmoja apepete mchele, mmoja aoshe sahani. Na saa moja na nusu ya jioni iwe ya vitabu kwa kila mwanafunzi; asiitwe jikoni saa hiyo hata kama chakula kimechelewa. Kama chakula kimechelewa, watu wazima ndio watakaongoja.

Mkiyafanya haya, mtaona baada ya mwezi mmoja kwamba mama hakuongezewa saa hata moja katika siku, lakini amepata nafasi ya kula pamoja na watu wake, chakula kikiwa bado moto. Nasi twaona hiyo ndiyo sababu ya kupika.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya uji wa watoto wadogo wanaoachwa kwa jirani mama aendapo kazini. Hata hapo, kaeni salama.