FUNDI WA NYUMBANI: Masega ya Motokaa, Yapime Kabla ya Kuyatoa



Juma hili tuseme habari za kitu kilichofichika chini ya motokaa, ambacho wengi wanacho wala hawakijui mpaka siku kinapowatoa fedha. Mafundi wetu hukiita masega, kwa kuwa ndani yake mna vitundu vidogo vidogo kama vya masega ya nyuki. Kimefungwa katika bomba la moshi, karibu na injini.

Kazi yake ni kusafisha moshi. Vitundu vile vimepakwa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa sumu ukipita humo katika joto kali, sehemu kubwa ya sumu hugeuka. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hii alikuwa Mfaransa, Eugene Houdry, aliyehamia Marekani. Huko motokaa nyingi mpya zilianza kufungwa masega tangu zile za mwaka 1975. Siku hizi hata motokaa zilizokwisha tumika Japani, zinazofika mpaka vijijini kwetu, huja nayo.

Shida ni hii. Motokaa ikipungua nguvu, mwenyewe huambiwa upesi, “Masega yameziba, tuyatoe.” Naye hulipa, tena huyaacha palepale, wala hajui kwamba madini yale yana wanunuzi. Pengine kosa lilikuwa plagi tu. Basi, kabla hujagusa fedha ya ada ya watoto, pima mwenyewe nyumbani.

Kwanza, jilinde. Pima nje penye hewa, wala si ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, nayo huua. Usiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Usiguse masega baada ya safari, maana hupata joto la mamia ya digrii. Kwa sababu hiyo usisimamishe motokaa juu ya nyasi kavu wakati wa kiangazi: zaweza kuwaka, ukapoteza motokaa na shamba la jirani pia.

Pili, sikiliza. Injini ikiwa imepoa kabisa, gonga masega polepole kwa ngumi. Yakilia kama changarawe ndani ya kopo, yamevunjika. Lakini angalia kwanza kibati cha nje cha kukinga joto. Kikilegea nacho hulia.

Tatu, pima pumzi. Mwenzio awashe injini, gia iwe huru, na breki ya mkono ivutwe. Weka kiganja nyuma ya mdomo wa bomba, mbali kiasi cha shubiri moja, bila kuligusa. Akanyage mafuta taratibu. Pumzi yapaswa kuongezeka. Injini ikinguruma kwa shida na pumzi ikabaki hafifu, njia imeziba, ama katika masega, ama katika sailensa iliyo nyuma yake. Ishara nyingine ni motokaa kupanda kilima kama imefungwa kamba nyuma, na sakafu kupata joto kupita desturi.

Nne, ukiweza kuazima kile kipimo cha joto kinachopima kwa mbali, pima bomba mbele na nyuma ya masega mara baada ya safari ya nusu saa, injini ikiwa ingali inazunguka. Masega mazima kwa kawaida huwa na joto sawa au zaidi upande wa kutokea. Upande huo ukiwa baridi sana kuliko wa kuingilia, shaka inaongezeka.

Tano, taa ya injini. Ikiwaka, na mashine ya fundi ikaonyesha P0420, usidhani hukumu imekwisha tolewa. Namba hiyo yasema tu kwamba moshi hausafishwi vya kutosha. Tundu katika bomba, au sensa ya oksijeni iliyo mbovu, yaweza kuleta namba ile ile.

Jambo kubwa ni hili: masega hayafi bure. Plagi au koili mbovu hupitisha petroli isiyoungua, nayo huwaka ndani ya masega na kuyayeyusha. Injini inayokula oili huyaziba kwa majivu. Ukifunga mapya kabla ya kuponya ugonjwa huo, yatakufa kama ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na je, kuyatoa na kuweka bomba tupu? Motokaa itakwenda, lakini sumu watavuta wengine: mtoto aliyebebwa mgongoni kando ya njia, na mama auzaye ndizi sokoni. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu sote. Hewa ni ya nyumba hiyo.

Ukienda kwa fundi, mweleze yote uliyoyaona. Ikiwa hapana budi masega yatoke, yale ya zamani yatiwe mkononi mwako, kwani ni mali yako. Nawe fundi Mkristu, mwambie mwenye motokaa thamani yake. Kunyamaza ili upate faida kwa mali ya mwingine ni wizi, hata kama hakuna aliyeona.

Kwaherini hata juma lijalo.