Kampuni ya Usafi Isijengwe kwa Kupunja Mfagiaji



Wengi katika wenzetu walioachishwa kazi wanataka kufungua kampuni za usafi wa maofisi. Fikira hiyo ni njema. Mtaji wake si mkubwa: fagio, ndoo, matambara, sabuni, na mikono iliyoizoea kazi.

Lakini tazameni jinsi tenda inavyopatikana. Mara nyingi mwenye bei ya chini ndiye apewaye. Bei ya sabuni haipungui kwa kuombwa. Basi kinachokatwa ni mshahara wa mfagiaji. Ndivyo wafanyavyo makontrakta tunaowalalamikia kila mwezi.

Kwa hiyo hesabu ianze na mtu. Andika kwanza mshahara usiopungua kima cha chini cha serikali, kisha NSSF, glavu, na bima ya kuumia kazini iliyoamriwa na sheria ya 2007. Weka pia akiba ya mishahara, kwani hundi ya ofisi huchelewa, na mfagiaji hawezi kula ahadi. Faida iandikwe mwisho. Bei inayotolewa isipotosha, iache tenda hiyo.

Afadhali zaidi ni kuungana. Watu kumi wanatosha kuandikisha chama cha ushirika, na hapo kila mfagiaji huwa mwenye mali.

Tena, ukimwajiri mtu, usimzuie kuingia chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kimempa haki hiyo, kama kilivyokupa wewe. Tusigeuke kuwa mabwana wale wale tuliogombana nao.