Injini Iliyotudekeza

CHINI YA BONETI
Na Rajabu Kilindi

Corolla 110 za mwisho wa miaka ya 1990 bado zinakatiza mitaa ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Rangi imepauka, bampa limefungwa kwa waya, kioo cha nyuma hakipandi wala hakishuki, lakini ufunguo ukigeuzwa injini inashika mara moja. Nyingi zimebeba 5A-FE: silinda 4, valvu 16, ukubwa wa cc 1,498. Mafundi wanaisifu, na haki yake. Tatizo ni kwamba injini hiyo ilivumilia mengi mno, na uvumilivu wake ukawazoesha wenye magari na mafundi wao tabia ambazo injini zilizokuja baadaye hazikuumbwa kuzibeba.

Siri ya ugumu wake haiko mbali. Bloku ni ya chuma kizito. Taimingi belti ikikatika njiani, pistoni hazifiki zilipo valvu, kwa hiyo hakuna kinachopinda. Gari linazima, linavutwa hadi gereji, inafungwa belti mpya, safari inaendelea. Huko Japani belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na fundi hubandika kistika ndani ya boneti kuonyesha ilibadilishwa lini na gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi. Magari mengi yalishuka bandarini na vistika hivyo vikiwa palepale, vimeandikwa Kijapani, na aliyejisumbua kuuliza vinasema nini alikuwa mmoja mmoja. Belti iliachwa mpaka ikatike yenyewe. Kwa 5A-FE, uzembe huo ulimgharimu mtu siku moja ya kazi.

Ndipo zikaja 1ZZ-FE na ndugu yake mdogo, 1NZ-FE. Ya kwanza, yenye cc 1,794, imo kwenye Wish, Allion, Premio na baadhi ya RAV4. Ya pili, cc 1,496, ndiyo ya IST na ndiyo iliyoipa jina Probox, gari ambalo nchini Kenya limebebeshwa kila kitu, kuanzia miraa hadi abiria waliopakatana. Bloku sasa ni ya alumini. Belti imeondoka, imekuja cheni. Juu yake ukaongezwa mfumo wa VVT-i, unaosogeza muda wa kufunguka valvu kwa kutumia msukumo wa oili.

“Hii ni cheni bosi, haibadilishwi.” Kila aliyewahi kununua gari la namna hii ameyasikia maneno hayo, na yana ukweli wa nusu. Cheni inaishi muda mrefu kama inaogelea kwenye oili safi. Oili ikichakaa, viungo vya cheni vinalika kidogokidogo, cheni inalegea, na kile kifaa kinachoikaza, nacho kinategemea oili, kinafika mwisho wa uwezo wake. VVT-i nayo hupata oili kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo cha wavu, ambacho kikizibwa na tope, injini hupoteza nguvu na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Na kwenye hizi mpya pistoni na valvu zinapishana katika nafasi ileile. Cheni ikiruka meno, valvu zinapinda. Hapo mwenye gari haongelei tena siku moja ya kazi.

Dalili yake haihitaji kompyuta. Gari likiwashwa alfajiri, baada ya kulala usiku mzima, upande wa mikanda husikika mlio wa vyuma vinavyogongana kwa sekunde chache, kisha kimya. Wauzaji wajanja wanaijua dalili hiyo vizuri, ndiyo maana mteja akifika hukuta injini imeshapashwa moto.

Kingine ni wingi wa oili yenyewe. 1NZ-FE, pamoja na filta, inachukua lita 3.7 tu. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda, na taa nyekundu ya oili bado haijawaka, kwa sababu taa ile hupima msukumo, haipimi kiasi. Kwa 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo jambo hili ni zito zaidi, na hapa si haki kumlaumu dereva peke yake. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, yakaziba kwa masizi, ringi zikaganda, na injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Toyota wenyewe walikuja kuzibadilisha pistoni hizo. Tiba ya mtaani imekuwa kumimina oili nzito: moshi unapungua, gari linauzwa, na mnunuzi mpya anabaki na oili inayochelewa kupanda juu kila asubuhi.

Lakini kama kuna tabia moja ambayo safu hii ingeifungulia mashtaka leo, ni ile ya kung’oa themostati.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Gari limechemsha, fundi analegeza boliti mbili, anachomoa kidude chenye springi, anakitupa kwenye kopo la skrubu. Maelezo yake kwa mteja ni yaleyale kila gereji: kifaa hiki ni cha nchi za baridi, kwetu joto linatosha. Angekitia kwenye sufuria ya maji jikoni angekiona kikianza kufunguka maji yakikaribia nyuzi 82, namba ambayo mara nyingi imegongwa kwenye bati lake. Kwa joto hilo, Dar ya Januari na Njombe ya Julai zote ni baridi.

Bila themostati, injini barabarani inakimbia ikiwa haijaiva. Kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi na kuendelea kumwaga petroli ya ziada. Mvuke wa maji na petroli unaoingia kwenye oili haupati joto la kuukausha, oili inageuka tope, na tope hilo ndilo linalokwenda kuziba wavu wa VVT-i. Na kwa nyingi za Toyota hizi, sahani ya chini ya themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji injini inapopata moto. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililong’olewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha vizuri kabisa likipanda mlima wa Kitonga na mzigo.

Kilicholichemsha gari kwa kweli, yaani rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au mfuniko usioshika msukumo, hakijaguswa. Maji ya bomba yanaendelea kuongezwa, yanaacha magamba na kutu, hedi ya alumini inapinda, gasketi inaungua. Tajiri anakwenda kutafuta injini ya mtumba kutoka Japani. Inaletwa gereji ikiwa nzima, nyaya zikining’inia, na kabla haijawashwa fundi anachukua spana namba kumi na kulegeza boliti mbili.